Kinyume cha Azima

Nafundisha Kiswahili darasa la tano, shule ya msingi hapa Mwanza, na kila nikifika kwenye somo la kinyume cha maneno kichwa huniuma. Si malaria wala si uchovu. Ni hasira tu. Watoto wanalipenda somo hilo kupita kiasi kwa sababu ni rahisi na lina ruhusa ya kupiga kelele. Nasema "juu," wanajibu "chini!" Nasema "nunua," wanajibu "uza!" Nasema "cheka," wanajibu "lia!" mpaka mwalimu wa chumba cha pili anatuma mtu kuuliza kama tumeingiliwa na nyoka. Sasa juzi binti mmoja wa dawati la mbele, mdomo haufungi yule, akanyoosha kidole akauliza, "Mwalimu, kinyume cha azima ni nini?"

Wenzake wakamjibu kabla yangu. Mmoja akasema ni rudisha. Mwingine akasema ni nyima. Wa nyuma kabisa, ambaye huwa anasinzia, akasema ni azimisha, wakamcheka. Mimi nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata. Jibu ninalo, ninalo tangu nikiwa na umri wao, lakini si jibu la kumpa mtoto wa watu saa nne asubuhi kabla hajanywa uji.

Jibu lenyewe ni kwamba azima ni kinyume cha azima. Ukimpa jirani sufuria yako apikie halafu akurudishie, wewe umeazima. Jirani akiulizwa sufuria kaitoa wapi, naye atasema ameazima. Aliyetoa kaazima, aliyepokea kaazima, na sufuria iko katikati, imekaa kimya, haiulizwi. Basi sufuria hiyo ndiyo mimi.

Mama yangu mzazi ni mtu wa Nansio, kule Ukerewe, lakini aliolewa Kisesa na mwanamume wa biashara ya mchele. Dada yake, mkubwa kwake kwa miaka kadhaa, ndiye mama yangu mkubwa. Huyu naye aliolewa, ila akaachika, kwa sababu ambayo watu waliisema wakiwa wameshusha sauti: hakuzaa. Akarudi Nansio, akanunua kiwanja kidogo karibu na ziwa, akajenga vyumba viwili, akawa anakausha dagaa na kuwauzia wachuuzi. Mimi nilivushwa ziwa kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa wakati meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yameota. Nani aliomba, nani alikubali, nani alilia, hayo hakuna aliyenieleza. Baba ndiyo kabisa, alifariki nikiwa chuoni na mdomo wake ukiwa umefungwa. Niliambiwa neno moja tu: uliazimwa.

Azimwa! Jamani, hata kulia nililie wapi? Yatima anajua anamlilia nani. Mtoto aliyetupwa anajua amchukie nani. Mimi nilipewa neno lenye milango miwili, na kila niliyemwuliza alitokea mlango wa pili.

Mama mkubwa alikuwa mtu wa maneno. Aliyageuza kama alivyogeuza dagaa wake juu ya vichanja, upande huu, upande ule, bila haraka. Mgeni akibisha hodi na kuuliza, "Wazima humu?" yeye alijibu, "Tungezima si mngeona moshi?" Akifika mtu wakati sahani zimeshaoshwa, alimwambia kwa furaha kubwa, "Karibu ule, ndiyo kwanza tumemaliza." Mimi nikimwuliza kama chakula tayari, alisema, "Bado." Nikiuliza kama cha mchana bado kipo, alisema, "Bado." Nikakasirika siku moja nikamwuliza sasa bado yake ni ipi, maana moja inasema hakijaja na nyingine inasema hakijaondoka. Akacheka hadi akakaa chini. "Bado ya kwanza ni ya kuvumilia," akasema, "na bado ya pili ni ya kukimbilia. Kimbia basi." Na kuhusu kazi yake mwenyewe alikuwa akisema kwamba Mungu alimwumbia mikono ya kuanika na kuanua, hajui kingine.

Kwa azima tu hakuwa na mzaha. Likitajwa neno hilo alitafuta kitu cha kufanya.

Mama wa Kisesa alikuja kila Krismasi. Alishuka kwenye meli na gauni jipya la kwangu kwenye mfuko, daima dogo kidogo, kwa sababu alinikumbuka nilivyokuwa Krismasi iliyopita. Baada ya misa watu walikusanyika nje ya kanisa kusalimiana, na daima kulikuwa na mtu asiyejua. "Huyu binti ni wa nani?" Mama wa Kisesa alijibu, "Wangu huyu. Nimemwazima dada." Baada ya dakika chache mtu mwingine alimwuliza mama mkubwa jambo lilelile, naye alijibu, "Ni wa mdogo wangu. Nimemwazima." Nimemwazima, nimemwazima. Mimi nimesimama katikati na gauni limenibana makwapa. Leo ningeweza kuwachambulia wanafunzi neno hilo ubaoni: katika kinywa cha mmoja, ile mw ni dada mtu, katika kinywa cha mwingine, ile mw ni mimi. Wakati ule nilisikia tu kwamba wote wawili wanasema kitu kimoja na hakuna anayenitazama.

Shuleni tulipofundishwa kinyume, mwalimu alituandikia maneno ubaoni na moja lilikuwa kopa. Nikajaza lipa. Nilipomaliza nafasi ilibaki, nikaona nionyeshe ujuzi, nikaandika langu la nyongeza: azima, na mbele yake, azima. Mwalimu akanipigia kosa la wino mwekundu, kubwa, akaniita mbele. "Neno haliwezi kuwa kinyume cha lenyewe," akasema, akageukia darasa ili wote wafaidike. "Ni sawa na kusema kinyume cha mama ni mama." Darasa likaangua kicheko. Nilirudi kwenye dawati nikijua kwamba kwangu mimi ndivyo ilivyokuwa.

Msinielewe vibaya, sikuteswa. Hilo ndilo lililoniudhi. Mama mkubwa alinitunza kama mtu anavyotunza kitu cha watu. Nikianguka nikachubuka goti, alishtuka kuliko mimi, akasema, "Mdogo wangu ataniuliza nini?" Nywele zangu zilisukwa kila wiki ya Krismasi inapokaribia. Watoto wa jirani walichapwa, mimi sikuchapwa. Waliniona nina bahati. Bahati gani! Mtoto anayechapwa ana mwenyewe. Mimi nilikuwa nikikosea naambiwa, "Haya, basi, acha," kwa sauti ya upole inayotumika kwa wageni.

Hadi siku moja, nikiwa darasa la tano kama hawa ninaowafundisha. Aliniacha nyumbani niangalie dagaa, akaniambia nikiona wingu upande wa ziwa nianue mara moja. Wingu nililiona. Nilikuwa nacheza rede na wenzangu, nikajiambia ni la kupita. Wapi! Mvua ikashuka kama imetumwa na adui, dagaa wa wiki nzima wakageuka uji. Mama mkubwa alirudi akakuta hali hiyo, akasimama, akatazama. Kisha akakata fimbo kwenye ua wa minyaa akanichapa. Alinichapa kweli, si kwa kuogopa. Nililia hadi majirani wakaja. Na nikiwa nalia hivyohivyo, kitu ndani kikawa kinaniambia: leo hajasema mdogo wangu ataniuliza nini. Jioni alinipaka mafuta mgongoni akiwa amenuna, mimi nimefurahi ajabu, na sikuthubutu kuonyesha.

Kisesa nilikwenda likizo. Huko ndiko kwetu, eti. Mama alipika wali kwa sababu yangu, na wadogo zangu walipiga makofi: "Mgeni asiondoke!" Kaka yangu, mzaliwa wa kwanza, aliniachia godoro lake akalala kwenye mkeka na kunikumbusha jambo hilo kila asubuhi. Nikitaka kuosha vyombo mama alisema, "Acha, wewe pumzika." Kwa lafudhi yangu ya kisiwani walinicheka: nikisema kurara badala ya kulala, ilikuwa sinema. Kinyume cha mgeni ni mwenyeji, kila mtoto wa darasa la tano anajua. Hakuna kitabu kinachokufundisha mtu awe mgeni kwa mama wawili kwa wakati mmoja.

Nilipochaguliwa kwenda chuo cha ualimu nikaona sasa ni mtu mzima, niulize. Nilianza na mama mkubwa. Tulikuwa tunageuza dagaa. Nikamwambia, "Mama, ulimwomba mama wa Kisesa akupe mimi, au yeye ndiye aliyekuletea?" Hakuinua uso. "Tuliazimana," akasema. "Mtu na dada yake wanaazimana." Wiki iliyofuata nikavuka hadi Kisesa, nikamkuta mama anachambua mchele. Swali lilelile. "Tuliazimana," akasema. Nikamwuliza nani alianza. Akaacha mchele akanikazia macho. "We mtoto, unataka kutugombanisha na dada?"

Basi nikaacha kuuliza, lakini sikuacha kutaka. Nitasema nilichotaka, sina haya tena. Nilitaka kuwa niliombwa. Nilitaka mama mkubwa awe alimpigia magoti mdogo wake siku nzima, na mdogo wake awe alikataa, akakataa tena, akakubali huku analia, na meli ilipoondoka awe alibaki gatini hadi ikapotea. Hiyo azima ya upande huo ningeipokea kwa mikono miwili. Azima ya upande wa pili sikutaka hata kuifikiria.

Miaka ikaenda. Nikaajiriwa, nikapanga, nikajenga huku Mwanza. Mama mkubwa alipougua nikamchukua akae kwangu. Alilala chumba cha mbele, akawa anawatania wanaokuja kumwona: "Mmekuja kunitazama mzima au kunitazama nikizima?" Mimi sikucheka, lakini wao walicheka kwa sababu alitaka wacheke.

Siku moja adhuhuri nikiwa namlisha uji, akausukuma mkono wangu. Akasema, "Nikifa watasoma wasifu wangu." Nikamwambia aache maneno hayo. Akasema, "Sikiliza, nina jambo. Nimekwenda misiba mingi ya wanawake wenzangu, wale wa hali yangu. Anayesoma akifika mahali fulani anashusha sauti: marehemu hakubahatika kupata mtoto. Mtu amelala hapo ndani ya sanduku, hawezi kujibu, na wanamtukana mbele ya watu wote. Mimi wasinisomee hivyo. Umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Akanitazama kuhakikisha, kisha akafungua mdomo kupokea uji.

Alifariki kabla mvua za vuli hazijaanza. Tulimpeleka Nansio kwa meli, mimi nimekaa karibu na jeneza njia nzima na watu wananipa pole za namna mbalimbali. Wengine walisema pole kwa kufiwa na mama mkubwa, wengine pole kwa kufiwa na mlezi. Mlezi! Niliwajibu asante na meno nimeyauma.

Siku ya mazishi, asubuhi, watu wanapanga viti chini ya turubai, nikamsikia kaka yangu wa Kisesa pembeni mwa nyumba akijizoeza kusoma. Yeye ndiye aliyepewa wasifu, kwa kuwa ana sauti nzito na suti. Alikuwa ameuandika kwenye simu. Nikasimama nyuma yake. Akafika pale, akashusha sauti vilevile kama mama mkubwa alivyosema: "Marehemu hakubahatika kupata mtoto, ila alimlea mtoto wa mdogo wake."

Nikamwambia, "Futa hapo."

"Nifute nini?"

"Andika ameacha mtoto mmoja."

Akanitazama kama nimelewa. "Sasa dada, kwani uongo? Wewe ni wa mama. Mama yupo pale jikoni, mzima, unataka nimwandikie nini? Nimwue?"

Nikamwambia sitaki amwue mtu, nataka asimtukane maiti. Akasema mimi najifanya kwa sababu ya nyumba ya marehemu. Loo! Nyumba yenyewe nyufa tupu, popo darini. Nikamjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema, sauti zikapanda, wanawake wakatoka jikoni na miko mikononi. Mama wa Kisesa akiwemo. Kaka akamwambia, "Mama, sikia, huyu anasema wewe si mama yake."

Sikuwa nimesema hivyo. Lakini mama alishika kiuno akasimama mbele yangu, macho mekundu kwa moshi na msiba, akasema, "Mimi nimenyamaza miaka yote. Leo dada amelala, Mungu amrehemu, na mimi namchukua mwanangu mbele ya watu. Alisomeshwa, ameelimika, nashukuru. Muda wa kuazima umekwisha."

Nilitaka kumwuliza alikuwa wapi siku za dagaa na mafuta ya mgongoni.

Kabla sijafungua mdomo, wanawake wakamwita mjomba wa dada hao wawili. Alikuwa mzee pekee aliyebaki wa upande wa mama yao, sikio moja halisikii, na siku hiyo alikuwa na wasiwasi na jambo moja tu: kaburi limechimbwa, katekista amefika, watu wana njaa. Akaketishwa kwenye kiti cha plastiki katikati yetu. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kisiwani, ambao herufi l hawana shida nayo kwa sababu hawaitumii.

"Tumarize haraka," akasema. "Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wangu, mjomba," mama akasema. "Kila mtu anajua. Alikuwa wa kuazima tu."

"Nani ariazima?"

Mama akajipiga kifuani. "Mimi! Mimi ndiye niliyeazima!"

Mjomba akapiga goti lake kwa kiganja, amefurahi kwamba mambo yamekwenda upesi. "Kumbe ni wewe uriyeazima! Basi imekwisha. Mtoto ni wa marehemu. Wewe uriazima kwake, umemrudisha, asante. Someni."

Mwanamke mmoja akajifunika mdomo kwa kanga, na wa pili, na chini ya turubai mabega yakaanza kutikisika. Msibani! Hata mimi nilijifunika uso, na sikujua kama ni kicheko au ni kilio.

"Siyo hivyo, mjomba!" mama akapaza sauti. "Aliyeazima ni dada. Mimi nilimwazima."

"Ariazima yeye, na wewe uriazima?"

"Ndiyo. Hapana! Yeye aliazima kwangu, mimi nikamwazima yeye."

"Nyote wawiri mriazima," mjomba akasema, amekunja uso. "Sasa mwenye mtoto arikuwa nani, ziwa? Mwanangu, mimi si mtu wa shure. Niambie Kiswahiri cha kueleweka. Nani aritoa, nani aripokea?"

Hapo mama akaanza kufuta mikono kwenye kanga.

Nilijua neno lililobaki ni lipi. Aseme, "Aliniomba." Neno fupi, na katika maisha yangu yote nilikuwa sijataka kusikia jingine. Angelisema, kaka angesoma kama alivyoandika, na mama mkubwa angelala hapo ndani atukanwe kama alivyoogopa, na ahadi yangu kwake ingekuwa bure. Nilijua hayo yote. Na bado, Mungu anisamehe, nilikuwa namwambia mama moyoni: sema. Sema alikuomba. Sema ulikataa.

Mlango wa chumba chenye jeneza ulikuwa wazi. Mama alitazama huko. Ni mtu wa kanisa, na mbele ya maiti hakuthubutu.

"Mimi nilitoa," akasema.

"Urimpa?"

"Nilimpa."

"Arikuomba?"

"Hakuniomba." Alikuwa anaongea na ardhi. "Nilikuwa na mwingine tumboni. Huyu alikuwa mtoto wa kulia, analia mchana kutwa, na baba yao alikuwa safarini. Nikampakia nikamleta. Nikamwambia dada, mchukue huyu, mimi siwezi naye."

"Uka­mwambia utamfuata rini?"

"Sikumwambia."

"Ukamfuata?"

Mama akafikiri. "Nilikuwa nakuja Krismasi."

"Krismasi kira mtu anakuja," mjomba akasema. Hakuwa na nia ya kumchoma, alisema tu kilicho kweli. Akajishika magoti akainuka. "Basi. Uritoa. Kuazima hapa hakuna. Wewe wa suti, andika ameacha mtoto mmoja. Twende tukazike, jua rinawaka."

Kaka akaandika, uso mkavu, kidole kinabonyeza simu kwa nguvu. Akasoma mbele ya watu wote kwa ile sauti yake nzito, na alipofika pale hakushusha: "Marehemu ameacha mtoto mmoja wa kike, mwalimu." Wazee wakaitikia kwa miguno ya kukubali. Kaburini niliitwa wa kwanza kutupa udongo. Nikautupa. Nikasema kimyakimya, mama, hawakukutukana. Hilo nililitimiza na hakuna atakayeninyang'anya.

Ila nilikuwa na hasira ambayo sikujua niipeleke wapi. Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe ni huu: watu wote wa Nansio wamethibitishiwa kwamba mama yangu alinitoa bila kuombwa, kwa sababu nililia. Neno toa halina upande wa pili. Nilikaa miaka yote nikilaani lile neno la milango miwili, kumbe lilikuwa linanisitiri. Dada wawili walilishika kila mmoja upande wake wakanifunika nalo, na mimi ndiye niliyelivuta mpaka likatoka. Mama mkubwa alijua. Alijua tangu siku ya kwanza nilipofikishwa mlangoni kwake nikilia, na hata siku moja, hata siku ya dagaa akiwa na fimbo mkononi, hakuniambia.

Baada ya mazishi walinikalisha mkekani mahali pa mfiwa mkuu, miguu imenyooshwa, kanga kichwani. Watu wakapanga mstari kunipa mkono. Majirani, wachuuzi wa dagaa, wanakwaya, walimu wenzangu waliovuka kutoka Mwanza. Kila mmoja anainama, anasema neno, anasogea. Mama alingoja zamu yake kwenye mstari kama wengine. Hakuna aliyempisha, na yeye hakuomba kupishwa.

Alipofika akapiga magoti, kwa shida, maana magoti yake yanamsumbua. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, mwalimu," akasema. "Pole sana kwa kufiwa na mama yako."

"Asante, mama mdogo," nikasema. "Na wewe pole kwa kufiwa na dada."

Akaitikia kwa kichwa. Alibaki ameushika mkono wangu muda kidogo, kisha akauachia, kwa sababu nyuma yake mstari ulikuwa bado mrefu.